Msako wa Sahani za Santuri: Zamani Dukani, Leo Darini

Katika kazi ya ulinzi na usalama neno "msako" halihitaji tafsiri. Ni kutafuta kwa mpango, nyumba kwa nyumba na pembe kwa pembe, kitu ambacho hapana shaka kipo ila kimefichika. Lakini upo msako wa namna nyingine, usiohitaji hati ya upekuzi wala silaha, ambao umeendelea katika miji ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Huo ni msako wa sahani kuukuu za santuri: zile sahani nyeusi zenye mifereji myembamba, ambazo baba na babu zetu walizinunua kwa jasho lao, wakazicheza hadi usiku wa manane, na hatimaye wakazisahau darini.

Msako huo haukuwa wa namna moja nyakati zote. Hapo zamani mtu alisaka sahani kwa kuwa aliupenda wimbo. Ukaja wakati ambapo hapana aliyezisaka, zikahesabiwa kuwa takataka. Kisha wakaja wageni kutoka ng'ambo wakiwa na orodha mikononi, wakazinunua kwa maboksi. Na leo hii anayesaka sahani mara nyingi anatafuta nakala ya mwisho ya wimbo ambao pengine hauko mahali pengine popote duniani.

Mabadiliko hayo ndiyo tunayokusudia kuyaeleza katika makala haya. Nayo yanawahusu wasomaji wa ukurasa huu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu sehemu ya muziki unaosakwa leo ilipigwa na watu waliovaa sare, na baadhi ya sahani zenyewe huenda zimelala katika stoo za kambi, mesi na nyumba za askari wastaafu.

SAHANI ZILIZOKUJA KWA MELI

Mwaka 1928 mwimbaji mashuhuri wa taarab wa Unguja, Siti binti Saad, alisafiri pamoja na wenzake hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya HMV. Hizo zilikuwa miongoni mwa sahani za mwanzo kabisa za Kiswahili kuuzwa madukani, nazo katika miaka michache zilinunuliwa kwa makumi ya maelfu katika pwani na bara. Marehemu Shaaban Robert aliona maisha ya mama huyo yanastahili kitabu, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad.

Sahani za wakati huo hazikuwa za plastiki. Zilitengenezwa kwa shelaki, yaani ulimbo unaotokana na wadudu wadogo wanaoishi juu ya miti huko India na nchi jirani, uliochanganywa na unga wa mawe. Zilikuwa nzito, zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Gramafoni ilitiwa ufunguo kwa mkono, na sindano yake ya chuma ilipaswa kubadilishwa mara kwa mara, la sivyo ingeichimba sahani. Sahani hiyo ikianguka sakafuni ilivunjika kama chungu. Ndiyo sababu zilizobaki leo ni chache mno.

Katika enzi hiyo kusaka sahani kulikuwa ni kungoja. Mnunuzi alingoja meli, akangoja mwenye duka afungue makasha, kisha akasikiliza mlangoni pamoja na umati wa watu ambao wengi wao hawakuwa na gramafoni. Mwaka 1933 HMV ilianza kuuza barani Afrika mfululizo wa sahani za muziki wa Cuba zilizotambulikana kwa herufi GV. Ya kwanza kabisa ilikuwa na wimbo uitwao El Manisero. Katika Kongo herufi hizo zikawa jina la muziki wenyewe, na vijana wa Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, wakaanza kuiga mapigo hayo kwa magitaa yao. Mwaka 1948 mfanyabiashara wa Kigiriki, Nico Jeronimidis, akafungua mjini humo kampuni ya sahani iliyoitwa Ngoma, na sahani zake zikavuka mipaka hadi kwetu.

Vita Kuu ya Pili vilikuwa na mchango wake. Vijana wa Uganda, Kenya na Tanganyika waliotumikia King's African Rifles walipelekwa Uhabeshi, Ceylon na Burma, na jeshi likaunda kikosi cha burudani ili kuwaliwaza. Mmoja wa wanamuziki waliotumikia katika burudani hiyo ya kijeshi ni Fundi Konde wa pwani ya Kenya. Vita vilipokwisha alirudi na ujuzi wake wa gitaa, akawa miongoni mwa waimbaji wa Kiswahili waliosikika zaidi katika sahani za miaka ya 1950. Basi tangu mwanzo askari alikuwa msikilizaji wa sahani na pia mtengenezaji wa kilichomo ndani yake.

NAIROBI YAWA KARAKANA YA MUZIKI

Mwaka 1948 ilitokea Marekani sahani ndefu ya plastiki ya vinili, inayozunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na mwaka uliofuata ikatokea ndogo yake ya mizunguko 45. Vinili ilikuwa nyepesi, haikuvunjika ovyo, na ilisafirishika kwa basi, kwa baiskeli na hata kwa kikapu. Sahani ndogo ya mizunguko 45 ndiyo iliyoishinda shelaki katika Afrika Mashariki, ikatawala miaka ya 1960 na 1970.

Nairobi ikawa karakana ya eneo zima. Huko zilikuwako studio na mashine za kutengeneza sahani, na huko walikwenda wanamuziki kutoka pande zote. Katika studio za Equator walikutana Fadhili William na Daudi Kabaka wa Kenya na Charles Sonko wa Uganda. Baadaye bendi za Kongo zikahamia, na bendi za Tanzania, ambayo haikuwa na kiwanda cha sahani kinachofanya kazi, zikapeleka nyimbo zao huko. Kwa kuwa sahani ndogo haikuweza kubeba wimbo mrefu wa dansi, wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza maneno, na upande wa pili magitaa yaliyochangamka. Aliyetaka kucheza hadi mwisho alipaswa kuwa na mtu wa kugeuza sahani upesi kabla wachezaji hawajakaa.

Bendi za vikosi nazo hazikubaki nyuma. Mwaka 1970 askari wa Kikosi cha Saba cha Kenya Rifles, katika kambi ya Langata, waliunda bendi ya Maroon Commandos. Chini ya uongozi wa Habel Kifoto, bendi hiyo ilitoa mwaka 1977 wimbo wa Kitaita, Charonyi ni Wasi, ambao jina lake lenyewe lataja taabu za safarini. Watu wasiojua neno moja la Kitaita waliununua, kwa kuwa kila aliyeacha nyumba yake kwa ajili ya kazi alielewa uchungu uliomo ndani ya sauti. Nchini Tanzania zilikuwako Polisi Jazz ya jeshi la polisi, Mwenge Jazz ya Jeshi la Wananchi na Kimulimuli ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wapigaji wake walikuwa askari waliopanda jukwaani usiku, na asubuhi wakahudhuria gwaride.

Msako wa enzi hiyo ulikuwa wa furaha. Barabara ya River Road mjini Nairobi ilijaa maduka ya sahani, kila moja likipiga wimbo wake kwa kipaza sauti kilichoelekezwa njiani. Sahani za kampuni ndogo zilitolewa kwa nakala chache, na zilipokwisha zilikuwa zimekwisha. Aliyechelewa alianza kutafuta mkononi mwa mtu: akaazima, akabadilishana mbili kwa moja, au akanunua iliyokwisha kutumika kwa mwenzake aliyekwama kifedha kabla ya mwisho wa mwezi. Biashara ya sahani zilizotumika ilizaliwa hivyo, kati ya watu waliojuana, na bei ilipimwa kwa mapenzi ya wimbo tu.

Lakini mipaka na misukosuko ya siasa ilikuwa na nguvu kuliko muziki. Mwaka 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, usifunguliwe hadi mwaka 1983, na sahani za Nairobi zikawa adimu upande wa pili. Hapa Uganda biashara ya mijini ilibadilika ghafula mwaka 1972 Waasia walipofukuzwa, na vita vya mwaka 1979 vikaambatana na uporaji mkubwa wa maduka na nyumba. Mkusanyiko wa sahani ni mali isiyobebeka wakati wa kukimbia. Familia nyingi zilibeba watoto na magodoro, zikaacha santuri nyuma.

KASETI YAINGIA, SAHANI YATUPWA

Kaseti ilivumbuliwa na kampuni ya Philips mwaka 1963, lakini nguvu yake katika nchi zetu ilionekana hasa katika miaka ya 1980. Hatuwezi kuwalaumu walioipokea. Redio ya kaseti ilifanya kazi kwa betri mahali pasipo umeme, ilibebwa lindoni na safarini, haikuruka sindano gari lilipopita shimoni, na mtu aliweza kurekodi humo wimbo wowote aupendao bila ya kulipa. Hilo la mwisho ndilo lililoua. Wachuuzi walinakili sahani moja katika kaseti mia, wakaziuza kwa bei ambayo mwenye wimbo asingeiweza. Kampuni kubwa zikapata hasara, zikafunga au zikauza mali zao, na ilipofika miaka ya mwanzo ya 1990 biashara ya kutengeneza sahani za vinili mjini Nairobi ilikuwa imekufa.

Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi tuliuacha. Sahani zilipandishwa darini, ambako joto la mabati lilizipinda. Nyingine zilirundikwa chini ya vitanda na kushikwa na unyevunyevu, nyingine ziligeuka vichezeo vya watoto. Vituo vya utangazaji na kumbi za starehe viliondoa sahani zao ili kupata nafasi ya kaseti, na baadaye ya sidii. Mwenye kuokota aliokota bure.

Hasara yenyewe haikuonekana wakati huo, kwa sababu kila mtu alidhani kwamba kanda ya asili, ile iliyorekodiwa studioni, imehifadhiwa mahali fulani. Haikuwa hivyo. Kampuni ilipouzwa, kanda zake zilihamishwa kutoka stoo hadi stoo. Kanda ya sumaku nayo ilikuwa ghali, na mara nyingi ilifutwa ili irekodiwe kitu kingine. Jambo hili halikuzipata nchi maskini peke yake. Mwaka 2008 moto uliozuka katika viwanja vya Universal huko California, Marekani, uliteketeza kanda nyingi za asili za wanamuziki maarufu. Ikiwa matajiri hao walipoteza, itakuwaje kwa studio ndogo ya River Road ambayo mwenyewe alishafariki na mlango ulishapangishwa kwa muuza viatu?

Hapo ndipo sahani iliyotupwa ilipobadilika cheo. Haikuwa tena nakala moja kati ya elfu. Ikawa ndiyo asili.

WAGENI WAJA NA ORODHA

Wa kwanza kuitambua thamani hiyo kwa upana walikuwa watu wa nje. Mwaka 1983 Mwingereza John Storm Roberts alitoa sahani ya mkusanyiko wa nyimbo za pwani ya Kenya, aliyoipa jina Songs the Swahili Sing. Mwaka 1990 mkusanyiko wa Guitar Paradise of East Africa ulizipeleka nyimbo za Nairobi katika maduka ya Ulaya. Kuanzia mwaka 2005 mfululizo wa Zanzibara, unaosimamiwa na Mjerumani Werner Graebner, umefufua taarab na dansi ya pwani. Kampuni ya Soundway ya London ilitoa Kenya Special mwaka 2013, na Sterns ikatoa Urgent Jumping mwaka 2016. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo za Nairobi ilikuwa imetoka zamani katika sahani ndogo za 45 ambazo hazikuwahi kuuzwa nje ya eneo letu.

Pamoja na kampuni hizo walikuja wasakaji binafsi. Wao hawakuulizia wimbo, waliulizia kampuni, namba na mwaka. Walitembelea maduka ya zamani, wakashuka katika stoo zenye vumbi, wakanunua kwa boksi kile ambacho muuzaji alikiona mzigo. Katika siku za mwanzo mapatano yalikuwa ya upande mmoja, kwani mnunuzi alijua bei ya ng'ambo na muuzaji hakuijua.

Intaneti imebadilisha hali hiyo, ingawa si kwa ukamilifu. Mwaka 2000 ilianzishwa Marekani orodha ya sahani za dunia iitwayo Discogs, ambamo yeyote aweza kuona sahani fulani ilitolewa lini, na nani, na mara ya mwisho iliuzwa kwa kiasi gani. Sahani ndogo kutoka Nairobi ya miaka ya 1970, ikiwa adimu na safi, yaweza kupita dola 100 za Marekani. Muuzaji mwenye simu mkononi sasa hukagua kabla ya kutaja bei. Msako uliokuwa wa miguu na vumbi umekuwa pia wa picha na ujumbe wa simu, na siri iliyokuwa ya wachache imekuwa wazi kwa wote.

Nchi tajiri zenyewe zimerudia sahani kwa kishindo. Nchini Marekani, mwaka 2022 ziliuzwa sahani za vinili zipatazo milioni 41 dhidi ya sidii milioni 33. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987 kwa sahani kuzishinda sidii kwa idadi. Vijana ambao hawakuwahi kuiona kaseti wananunua sahani kwa kuwa wanataka kitu cha kushika, chenye picha na jina, wala si sauti inayopita hewani. Katika eneo letu wanunuzi wenyeji nao wameongezeka. Mjini Nairobi duka la Melodica la barabara ya Tom Mboya limedumu tangu miaka ya 1970, na katika soko la Kenyatta Market, kando ya wachoma nyama na wasusi, kuna kibanda kinachojulikana kwa maelfu ya sahani kuukuu, ambapo mteja husikiliza kwanza ndipo anunue.

Je, wageni hao tuwashukuru au tuwalaani? Haki inatutaka tuyaseme yote mawili. Laiti wasingelipa, sahani nyingi zingekwisha kuoza, na wazee kadhaa wasingesikika tena katika uhai wao. Lakini pia ni kweli kwamba sahani iliyoondoka hairudi kwa urahisi. Mjukuu wa mwanamuziki anayetaka kusikia sauti ya babu yake hulazimika kuagiza London kitu kilichotengenezwa kilomita chache kutoka kwao. Mali iliuzwa kihalali, ndiyo, lakini iliuzwa na watu wasiojua wanachouza.

SAHANI NI SHAHIDI

Askari polisi anajua kwamba kielelezo kidogo chaweza kusema kuliko mashahidi kumi. Sahani ni kielelezo cha namna hiyo. Katika lebo yake ya karatasi huandikwa jina la bendi, jina la mtunzi, kampuni na namba. Ukiiinamisha katika mwanga utaona, katika sehemu tupu iliyo kati ya mwisho wa wimbo na lebo, herufi na tarakimu zilizochongwa kwa mkono au kwa mashine. Hizo ni kama namba ya askari: huonyesha sahani ilitoka kiwanda gani na katika mfululizo upi. Wachunguzi wa muziki wameweza kupanga historia ya kampuni zilizokufa bila ya kuacha jalada moja la ofisi, kwa kufuata namba hizo tu.

Msakaji mzoefu huikagua sahani kwa utaratibu. Kwanza huitoa katika jalada akiishika kwa ukingo na katikati, asiguse mifereji. Pili huiinamisha chini ya taa au jua la pembeni: vumbi huonekana juu juu, lakini mkwaruzo huonekana kama uzi mweupe. Akipitisha ukucha polepole na ukucha ukakwama, ajue sindano nayo itakwama. Tatu huitazama kwa usawa wa jicho kuona kama imepinda. Nne huangalia tundu la katikati. Likiwa limezungukwa na michirizi mingi kwenye lebo, sahani hiyo ilichezwa sana, pengine na mtu aliyekuwa akiipapasa gizani.

Utunzaji nao hauna gharama kubwa. Sahani isimamishwe wima kama kitabu, isilazwe moja juu ya nyingine, na iwekwe mbali na jua na bati. Ya vinili huoshwa kwa maji safi yenye tone la sabuni laini, kwa kitambaa kisichokwaruza, kwa kufuata mzunguko wa mifereji, bila ya kuilowesha lebo, kisha huachwa ikauke kivulini. Lakini sahani nzito ya shelaki kamwe isiguswe na spiriti, kwani spiriti huiyeyusha shelaki na wimbo ukapotea mbele ya macho yako. Wala isichezwe kwa sindano ya sahani za vinili, maana mifereji yake ni mipana zaidi na huhitaji sindano yake yenyewe.

HAKI YA MWENYE SAUTI

Yapo mambo mawili ambayo wasomaji wetu, wakiwa walinzi wa sheria, wanapaswa kuyafahamu. La kwanza ni kwamba kununua sahani si kununua wimbo. Anayemiliki sahani aweza kuisikiliza, kuitunza au kuiuza, lakini kuitoa upya kwa biashara ni haki ya mtunzi, mwimbaji na mwenye rekodi, au warithi wao. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006, na Kenya inayo ya mwaka 2001. Familia ya mwanamuziki aliyefariki haina budi kutafutwa na kuandikiana mkataba kabla sauti yake haijauzwa tena. Kosa lililofanywa kwa kaseti lisirudiwe kwa mitambo mipya.

La pili ni kwamba si kila sahani iliyo sokoni imefika huko kwa njia safi. Sahani za maktaba za redio na taasisi kwa kawaida hupigwa muhuri. Mnunuzi anapouona muhuri huo hana budi kuuliza kama sahani ilitolewa rasmi au ilichukuliwa. Kadiri bei inavyopanda ndivyo kishawishi cha mtunza stoo kinavyokua.

Kwa upande wa taasisi, kazi njema imekwisha kuanza. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuanzia mwaka 1948, alirekodi muziki wa makabila mengi ya nchi hii. Nakala za rekodi hizo, zilizokuwa zimehifadhiwa Uingereza, zimerudishwa katika Chuo Kikuu cha Makerere. Mjini Nairobi, Ketebul Music iliyoanzishwa mwaka 2007 imekuwa ikifuatilia historia ya benga na miziki mingine kwa kuwahoji wazee na kutafuta sahani zao. Lakini taasisi haziwezi kuingia katika kila nyumba. Zinategemea mwenye nyumba afungue sanduku mwenyewe.

MSAKO ULIOBAKI

Hapo ndipo wanapohusika watu wa vikosi. Kambi ni mahali panapotunza vitu kwa muda mrefu kuliko mitaa, kwani kila kitu huandikwa katika daftari la stoo na hakitupwi bila ya amri. Lakini siku amri ya kusafisha inapotoka, hutupwa vyote kwa mara moja. Mesi na kantini nyingi zilikuwa na santuri zake enzi za sahani. Bendi za vikosi zilipewa nakala za nyimbo zilizorekodi. Askari wastaafu walioishi katika kota za Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Mombasa walirudi vijijini na masanduku yao. Tunapozungumzia muziki wa Maroon Commandos au Polisi Jazz tunazungumzia watu wenye namba, vyeo na wajukuu, wala si majina tu yaliyochapwa katika lebo.

Basi kabla ya kuchoma rundo la vitu vikuukuu nyuma ya stoo, mkuu wa stoo na afungue boksi. Akikuta sahani, aandike kinachosomeka katika lebo, upande wa kwanza na wa pili, pamoja na namba. Apige picha. Aziweke wima mahali pakavu. Kisha aulizie chuo kikuu, jumba la makumbusho au maktaba ya redio ya taifa kama wimbo huo unao mwenzake. Kazi hiyo haizidi saa moja. Na yule aliye na mzee nyumbani amkalishe, amuulize nani alipiga gitaa katika wimbo ule na nani aliitikia, kwa kuwa lebo hutaja bendi na mtunzi, lakini mara nyingi haiwataji wapigaji. Sahani yaweza kungoja miaka mingine hamsini ikiwa kivulini, lakini mzee hawezi.

Msako wa zamani ulikwisha mtu alipopata wimbo aupendao, akarudi nao nyumbani. Msako wa leo haukwishi hapo. Mwenye kuipata sahani ana wajibu wa kuitambua, kuitunza, na kuhakikisha kwamba nakala ya sauti yake inabaki nchini hata kama sahani yenyewe itauzwa. Wenzetu waliopiga muziki huo wakiwa wamevaa sare walisimama usiku kucha jukwaani, na alfajiri wakaitika majina yao katika gwaride. Wengi wao hawatajibu tena wakiitwa. Sauti zao bado zaweza kuitika, mradi apatikane mtu wa kufungua sanduku.